Yule Niliyemwandika Mvivu

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Nataka kueleza habari za tumbo, au niseme sawasawa, habari za utumbo mwembamba, ambao wazee wa kwetu huuita uchengelele. Najua wako watakaocheka. Hata mimi ningalicheka, kabla ya kisa hiki kunipata.

Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, nilichaguliwa kuwa kiranja wa bweni. Kazi yangu moja ilikuwa kuandika katika daftari majina ya wachelewao mstarini, wabakiao nyuma katika mchakamchaka, na wategao kazi za shamba. Kazi hiyo niliifanya kwa bidii, wala sitaficha kwamba niliipenda. Katika daftari lile lilikuwamo jina la mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza, atokaye katika vijiji vya mpunga huko pwani. Jina lake silitaji. Katika wiki sita nilimwandika mara 11, na kila mara mbele ya jina lake niliweka neno moja tu: mvivu.

Nilidhani ushahidi ninao tele. Akikimbia hatua chache alishika kiuno na kuhema kama mzee wa miaka themanini. Darasani alisinzia. Akipewa jembe alipiga mara tano, kisha akauegemea mpini. Siku moja nilimkuta nyuma ya jiko anatafuna udongo wa kichuguu, nikamwita mbele ya wenzake na kumwuliza kama yeye ni mjamzito. Watu walicheka sana. Yeye alinitazama tu, akasema, "Kaka, mimi si mvivu. Miguu ndiyo haina nguvu." Nikamjibu kuwa miguu ya kila mtu ina nguvu akitaka mwenyewe.

Jumamosi moja nikampa adhabu ya kung'oa kisiki. Jua lilikuwa kali. Hata nusu saa haikupita, nikasikia wenzake wakipiga kelele. Nilipofika nilimkuta amelala kifudifudi, jembe chini yake. Tulimbeba mpaka kwa Mwalimu mlezi wa bweni, naye akampeleka hospitali. Mimi nilikwenda pamoja nao, maana Mwalimu aliniambia, "Wewe ndiwe uliyekuwapo, njoo ueleze."

Bwana Daktari hakuniuliza mengi. Alivuta chini kope la yule mtoto, akatuonyesha: ndani, mahali panapostahili kuwa pekundu, palikuwa peupe kama ganda la yai. Akamfunua viganja, navyo vilikuwa vile vile. Damu ilipopimwa ilionekana gramu 6.1 kwa desilita, hali mtoto wa umri wake hapaswi kupungua 12. Kisha choo kikapimwa. Bwana Daktari akaniita niinamie hadubini, nami nikaona vitu vya mviringo mrefu, vyenye ganda jembamba jeupe, vizuri kabisa kama shanga. Akasema, "Mayai hayo. Huyu ana safura, na ameanza zamani. Ni ajabu kwamba aliweza hata kuinua jembe."

Maneno hayo yaliniingia. Niliporudi shuleni nilimwendea Mwalimu wa Bayolojia kumwuliza yawezekanaje mtu ale ugali na maharage kama sisi sote, ashibe, na bado awe hana damu. Mwalimu hakunijibu papo hapo. Aliningojesha mpaka sikukuu ya Idi, shule ilipochinja mbuzi, akamwomba mpishi atuachie matumbo. Tuliyanyosha majanini, nikapima hatua 23 za utumbo mwembamba peke yake. (Wa mtu si mrefu hivyo. Kwa wastani ni kama mita 6, nao hukaa umejikunja chini ya kitovu.) Halafu akakata kipande kifupi, akakipasua kwa wembe, akakiosha, akakitia katika sahani ya maji.

Hapo niliona jambo ambalo sikulitazamia. Ukuta wa ndani, niliodhani ni laini kama mpira, ulisimama wote katika maji kama mahameli. Kwa kioo cha kukuzia ilionekana wazi kuwa mahameli ile ni vidole vidogo mno, maelfu kwa maelfu, vilivyosongamana. Kila kidole kina mishipa yake ya damu ndani, na chakula kilichokwisha kumeng'enywa hupita katika ngozi yake nyembamba na kuingia katika mishipa hiyo. Vidole hivyo, pamoja na mikunjo ya ukuta na vinyweleo vingine vidogo zaidi visivyoonekana kwa macho, huufanya utumbo uwe na eneo kubwa kupita kiasi. Zamani vitabu vilisema eneo la njia yote ya chakula ni sawa na uwanja wa tenisi. Mwaka 2014 wataalamu wawili wa Sweden walipima upya, wakapata kama mita 32 za mraba, na sehemu kubwa ya hizo ni za utumbo mwembamba. Si uwanja wa tenisi tena, lakini bado ni zaidi ya nusu ya darasa letu, ndani ya tumbo la mtu mmoja!

Utumbo huo una sehemu tatu. Ya kwanza ni duodenamu, fupi kuliko rula ya darasani, yenye umbo kama la herufi C; jina lake katika Kilatini latokana na vidole kumi na viwili, kwa sababu ndio urefu wake vidole vikipangwa ubavu kwa ubavu. Humo humiminika nyongo kutoka kwenye ini, na maji ya kongosho. Ya pili ni jejunamu, maana yake tupu, kwani wapasuaji wa kale waliikuta haina kitu kila walipofungua maiti. Ya mwisho ni ileamu, ambayo huungana na utumbo mpana. Madini ya chuma, ambayo ndiyo ya kutengenezea damu, hupokewa hasa katika duodenamu na mwanzo wa jejunamu.

Sasa sikilizeni jinsi mnyoo wa safura alivyo mjanja. Yeye mwenyewe hazidi urefu wa sentimita moja na nusu hivi. Hukaa papo hapo juu, katika uchengelele, akikiuma kile kidole cha mahameli na kufyonza damu yake. Ni kama mwizi aliyepanga chumba mlangoni mwa ghala. Mnyoo mmoja wa ile aina kubwa humpotezea mtu kama sehemu moja ya tano ya mililita kwa siku. Ni tone tu, mtasema. Basi wakiwa 100, hizo ni mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai, kila siku, mwezi hata mwezi. Mtu hula, hushiba, na chuma kiingiacho hakilingani na kile kitokacho. Ndipo uso huvimba, moyo hupiga mbio kwa kazi ndogo, na wengine hupatwa na hamu ya kula udongo.

Na hakuingia kwa kinywa, kama nilivyodhani. Mayai hutoka na choo cha mgonjwa. Yakianguka katika udongo wenye unyevu na kivuli, huanguliwa, na katika muda wa juma moja hivi watoto wa minyoo huwa tayari kungojea unyayo. Hupenya ngozi ya mguu, huchukuliwa na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa na mate, kisha hushuka hadi utumboni. Njia hiyo ya ngozi iligunduliwa kwa bahati mbaya na Arthur Looss, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Cairo: mwaka 1898 maji yenye watoto wa minyoo yalimwagikia mkononi mwake, mkono ukawasha, na baadaye akaona mayai katika choo chake mwenyewe.

Lakini habari iliyoniuma zaidi ni ya Marekani. Kusini mwa nchi ile walikuwako wakulima maskini ambao kila mtu aliwaita wavivu. Mwaka 1902 Bwana Charles Stiles alionyesha kuwa wengi wao walikuwa na safura, na magazeti yakampa mnyoo yule jina la kijidudu cha uvivu. Nilisoma habari hiyo maktabani, nikafunga kitabu kabla ya kengele.

Utumbo mwembamba una maadui wengine pia. Michango yaweza kufungamana kama kamba na kuuziba. Homa ya matumbo huishambulia ileamu hata ikatoboka. Kipindupindu hakiumi mahali popote, bali huufanya utumbo umwage maji mpaka mtu akauke. Lakini hayo yangetaka makala nyingine.

Yule mtoto alipewa kidonge kimoja cha albendazo cha miligramu 400, na vidonge vya kuongeza damu vya miezi mitatu. Kidonge cha kuua minyoo ni cha mara moja tu; kurudisha damu ndiyo kazi ndefu. Nilimpelekea chakula kitandani kwa wiki mbili, na siku ya tatu nilimwomba radhi. Alisema, "Yamekwisha, kaka," kwa upole ulionitia haya kuliko kama angenitukana. Kisha akaniambia kwamba mama yake na mdogo wake wa kike nao wana viganja vyeupe, na nyumbani watu huenda haja chini ya mikorosho, kisha huingia shambani pekupeku.

Usiku ule tuliandika barua pamoja, yeye akisema nami nikiandika, maana mkono wake ulikuwa bado ukitetemeka. Jibu lilikuja baada ya wiki nne, kwa mwandiko wa baba yake mkubwa. Wote wanne wamekwenda zahanati na kupewa dawa. Choo kimechimbwa nyuma ya nyumba, ila fundi hajamaliza ukuta, kwa hiyo kwa sasa wametundika kanga.