Hesabu ya Mzigo

Binamu yangu alipojitoa uhai, grupu ya WhatsApp ya familia ilipata sababu kabla ya kupata tarehe ya mazishi. Mjomba mmoja alisema ni mkopo wa pikipiki. Shangazi akasema ni yule msichana wa Kayole. Mtu wa kanisa akaandika kwamba ni roho ya mauti na tuikemee. Maboda wa steji yake, ambao hawakuwa kwenye grupu, walisema tu, "Alikuwa amechoka, bro." Kila mtu alikuwa na sababu moja, kama fundi anayetafuta waya uliokatika.

Nilianza kusoma kwa sababu sababu hizo hazikunitosha. Deni lilikuwepo, msichana pia alikuwepo. Lakini Nairobi imejaa watu wenye deni la boda na watu walioachwa, na kesho asubuhi wengi wao utawapata kazini.

Nilianza na mzee wao wote, Émile Durkheim, Mfaransa aliyetoa kitabu kizima kuhusu kujiua mwaka 1897. Durkheim hakushughulika sana na kilichokuwa kichwani mwa mtu mmoja. Alilinganisha takwimu: Waprotestanti na Wakatoliki, waliooa na wasiooa, wakati wa vita na wakati wa amani. Akaona kwamba hata tendo hili la upweke linafuata jinsi jamii inavyomshika mtu, ikimwachilia mno au ikimbana mno. Mwaka 1960 Paul Bohannan, mwanaanthropolojia, alihariri kitabu kuhusu mauaji na kujiua barani Afrika, na ndani yake kuna sura kuhusu Waluhya na Wajaluo. (Kwa hivyo ukiambiwa haya ni mambo ya kizazi cha simu, cheka kidogo.)

Durkheim alinipa ramani, lakini binamu yangu hakuwemo. Nilimkaribia zaidi kwa Edwin Shneidman. Mwaka 1949, huko Los Angeles, Shneidman alikutana na mamia ya barua za kuaga katika kumbukumbu za serikali, na kazi ya maisha yake ikaanzia hapo. Alifikia kusema kwamba kiini ni maumivu ya nafsi yasiyovumilika, na kwamba mtu hatafuti kifo hasa, anatafuta maumivu yakome. Kwake, jambo la kwanza la kumuuliza mtu kama huyo ni anaumwa wapi. Swali hilo kila nesi wa dispensari analo. Sisi tulilihifadhi kwa malaria.

Halafu Thomas Joiner, ambaye babake mwenyewe alijiua. Katika kitabu chake cha mwaka 2005 anasema hamu ya kufa hukua pale imani mbili zinapokutana: mimi si wa hapa, na mimi ni mzigo kwa watu wangu. Kuna kipande cha tatu, kuhusu mtu kuzoea maumivu na hofu hadi kinga ya mwili dhidi ya kifo inalegea. Lakini nilikwama kwenye neno mzigo.

Maze, hilo neno ni letu. "Sitaki kuwa mzigo" kwetu ni adabu. Mgeni husema hivyo akikataa chai. Nyanya husema hivyo akikataa kuletwa hospitali Nairobi. Binamu yangu, kifungua mimba, aliyetuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi, alianza kulisema pikipiki ilipochukuliwa. Alilisema kwa utani, na sote tulikuwa tunatumia utani huohuo.

Joiner anasisitiza kwamba huo mzigo ni imani, si ukweli uliopimwa. Mtu anapiga hesabu na kuona watu wake watapumua akiondoka. Kamati ya mazishi ilichangisha kwa siku nane. Mweka hazina aliposoma jumla pale matanga, ilikuwa zaidi ya mara mbili ya deni la pikipiki. Mamake alisikiliza hiyo namba, akauliza, "Hizi zote zilikuwa wapi?" Hakuna aliyemjibu. Sidhani pesa peke yake ingemwokoa. Ila najua hesabu yake ilikosea, na kosa lilikuwa kubwa.

Watu waliendelea kuulizana mbona hatukuona dalili. Kwa hilo niliwapelekea uchambuzi wa mwaka 2017, uliojumlisha tafiti 365 za miaka 50. Ulikuta kwamba dalili zinazojulikana zilitabiri vizuri kidogo tu kuliko kurusha sarafu. Shangazi aliusoma mara mbili. Aliacha kumtaja msichana wa Kayole.

Kingine ni kwamba hadi juzi kuuliza kulikuwa na hatari yake. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, jela hadi miaka miwili. Mtu aliyenusurika angeweza kutoka wodini akaingia selo. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Tafiti nazo zinaonyesha kwamba kumuuliza mtu wazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Ukizidiwa wewe mwenyewe, kuna laini ya Msalaba Mwekundu, 1199, na kuna Befrienders Kenya.

Lakini utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Jerome Motto, daktari wa akili wa San Francisco. Kuanzia 1969 alifuatilia watu 843 waliotoka hospitali na kukataa kuendelea na matibabu. Nusu yao waliandikiwa barua fupi kwa miaka mitano. Barua hazikuuliza deni, hazikutoa ushauri, hazikudai jibu. Zilisema tu kwamba tunakukumbuka, natumai uko sawa. Waliopata barua walijiua wachache zaidi, hasa katika miaka miwili ya kwanza.

Binamu yangu ana mdogo wake, miaka 22, yuko Githurai, si mtu wa maneno. Kila Ijumaa namtumia meseji isiyo na swali. Wiki tano hakujibu. Ya sita alituma picha ya chapati aliyopika mwenyewe, imeungua upande mmoja.