Tarehe Mosi Januari 2012

Ndani ya kompyuta nyingi za mezani kuna betri ndogo, bapa kama sarafu, iliyobanwa kwenye mazabodi. Dukani huitwa CR2032: upana milimita 20, unene milimita 3.2, nguvu volti 3. Kazi yake ni kuikumbusha kompyuta mambo machache wakati umeme haupo: leo tarehe ngapi, na ikiwashwa ianzie wapi. Hilo nililijua tangu chuoni. Sikutegemea kwamba siku moja jina jema la marehemu baba yangu lingeitegemea betri hiyo.

Baba alikuwa mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu, Kihonda, Morogoro. Wanachama 63, kila mmoja shilingi 5,000 kwa mwezi. Fedha zenyewe zilikuwa benki. Lakini nani amelipa, nani anadaiwa, msiba upi ulitolewa kiasi gani, yote hayo aliyaandika kwenye kompyuta yake ya mezani, mtumba wa ofisini aliounua baada ya kustaafu ualimu. Alifariki Septemba 2025. Arobaini ilipopita, mwenyekiti alikuja nyumbani, kwa adabu zote, kuomba daftari la hesabu. Mama akamwambia daftari limo kwenye kompyuta. Mdogo wangu akaiwasha mbele ya mgeni. Skrini ikabaki nyeusi na mstari mmoja wa maandishi meupe, ukisema kwamba hakuna kifaa cha kuanzia.

Fundi mmoja wa mjini alisema diski imekufa, wanunue nyingine. Mdogo wangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita mwaka huo, hakukubali. Yeye aliona iliyokufa ni Windows. Kwa hoja zake hakuwa mbali sana: Windows 10 ilikuwa imeacha kupokea matoleo ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta ya umri ule haikidhi masharti ya Windows 11. Akapakua Linux Mint, akaiandika kwenye fleshi, akaanza kuisakinisha kwenye nafasi ya diski ambayo haikuwa imegawiwa, bila kugusa upande wa baba. Mafaili yote yakanakiliwa. Ikafika hatua ya mwisho kabisa, ya kuweka GRUB, programu inayoamsha mfumo, ikagoma. Akazima, akawasha. Mstari ule ule.

Mtaani habari haikufika hivyo. Ilifika kwamba watoto wa marehemu wamefuta kompyuta. Mama alinipigia Jumatano. "Mwanangu, njoo. Kikao ni Jumapili, na watu wameshaanza kusema." Hakuniambia wanasema nini, na mimi sikumuuliza. Alhamisi jioni nilipanda treni kutoka Dodoma.

Kabla ya kueleza nilichokikuta, naomba nieleze kompyuta inavyoamka, maana ugonjwa wote ulikuwa hapo. Ukibonyeza kitufe, inayoamka kwanza ni programu ndogo iliyomo kwenye mazabodi yenyewe. Haijui Windows wala Linux. Inajua kutafuta mlango tu, na milango iko ya aina mbili. Njia ya zamani, iliyotokana na kompyuta za IBM za mwaka 1983, husoma baiti 512 za mwanzo kabisa za diski, ambamo baiti 446 zimeachiwa maagizo ya kuanzia. Njia mpya, inayoitwa UEFI, haijali baiti hizo. Hutafuta patisheni ndogo yenye mafaili maalumu. Ikipata mlango wake, inamkabidhi GRUB. GRUB anaamsha kiini, kile ambacho Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alikitangaza tarehe 25 Agosti 1991 kama kazi ya kujifurahisha. Kiini nacho kinaamsha vingine vyote. Kila mmoja anamjua anayemfuata tu. Kwa hiyo kompyuta isiyowaka haiulizwi "una nini?" Inaulizwa "umefika kwa nani ukakwama?"

Nilifika saa mbili usiku. Nilikula kwanza, kwa sababu Mama hakutaka kusikia lingine. Kisha nikawasha kompyuta kwa fleshi ya mdogo wangu. Uzuri wa Linux ni kwamba inaweza kukaa kwenye fleshi ikafanya kazi nzima bila kugusa diski. Nikafungua dirisha la amri, nikaandika lsblk, ambayo huorodhesha diski zote. Diski ya baba ikajitokeza: gigabaiti 465.8, ndivyo diski iliyouzwa kama ya 500 inavyohesabiwa humo. Na patisheni zake zote zilikuwepo.

"Diski haijafa," nikasema.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kifuani. Hakujibu.

Nikafungua patisheni ya Windows. Mint ilikubali kuisoma lakini ikakataa kuandika chochote ndani yake, kwa sababu Windows, ilipozimwa mara ya mwisho, ilikuwa imelala nusu usingizi kama ilivyo kawaida yake. Kwangu hilo lilikuwa jema. Sikutaka kuandika chochote humo. Folda iliitwa CHAMA, kwa herufi kubwa. Ndani yake kulikuwa na faili moja kwa kila mwaka. Nikanakili folda nzima kwenye fleshi mbili, moja nikaweka mfukoni, moja nikampa Mama. Akaifunga kwenye pindo la kitenge. Halafu akasema, "Nifungulie nione."

Nikafungua faili la 2025. Majina 63, safu kumi na mbili za miezi. Safu ya Agosti ilikuwa imejazwa hadi tarehe 27, siku nne kabla hajalazwa. Mama alisoma majina yote kwa sauti ya chini, kama anaita mahudhurio. Hakulia. Alisema tu, "Basi, wapo wote," akaenda kulala.

Tungeweza kuishia hapo. Hesabu tumezipata, Jumapili tungezichapa. Lakini wanachama walikuwa wamekubaliana Mama ashike nafasi ya baba mpaka uchaguzi, na kompyuta ilikuwa hiyo moja. Isitoshe mdogo wangu alikuwa bado amesimama pale pale. Kwa majuma mawili alikuwa ameibeba lawama ya mtaa mzima.

Kuna folda moja ya Linux, /sys/firmware/efi, ambayo huwepo tu kama kompyuta imeamshwa kwa njia mpya. Nikaitafuta. Haikuwepo. Maana yake mazabodi ilikuwa inaamsha vitu kwa njia ya zamani. Nikaitazama diski ilivyopangwa: imepangwa kwa mtindo wa GPT, na mwanzoni ina patisheni ya megabaiti 100 ya UEFI. Maana yake aliyeweka Windows aliiweka kwa njia mpya. Mgeni alikuwa anabisha hodi mlango wa mbele wakati wenyeji wanaingilia uani.

Hayo mawili yalieleza kila kitu. Windows haikufa, ilikuwa haitafutwi mahali ilipo. Na GRUB ikiwekwa kwa njia ya zamani kwenye diski ya GPT inahitaji patisheni yake ndogo, megabaiti 1 inatosha. Hapakuwa na patisheni hiyo, ndiyo maana iligoma mwishoni. Nilimwonyesha mdogo wangu moja baada ya jingine kwenye skrini.

"Kwa hiyo, kaka, si mimi niliyeiharibu?"

"Ilikuwa hivi kabla hujaigusa. Wewe umeikuta tu."

Akavuta kiti, akakaa. Ndiyo mara ya kwanza alikaa usiku ule.

Tukaingia kwenye ukurasa wa bluu wa mipangilio, tukabadilisha njia ya kuanzia kuwa UEFI, tukahifadhi. Windows ya baba ikafunguka hadi kwenye jina lake, ikisubiri nywila. Tukaiacha. Tukawasha tena kwa fleshi, safari hii kwa njia mpya, na mdogo wangu akasakinisha Mint upya kwenye patisheni ile ile. Dakika ishirini. Kompyuta ilipojiwasha, GRUB ikaleta orodha yenye majina mawili, Linux Mint na Windows. Tukazima, tukalala saa nane na nusu.

Asubuhi mdogo wangu alinigongea mlango. Mstari mweupe ulikuwa umerudi.

Tatizo linaloponywa usiku na kurudi asubuhi linachosha kuliko linalokataa kupona, lakini lina faida moja: linakuambia kuna kitu kimetokea katikati. Nikauliza nini kimetokea usiku. Hakuna, wakasema. Nikauliza tena, kitu chochote. Mama akasema, "Nilizima swichi ya ukutani tu. Huwa tunaizima kila usiku, kwa ajili ya radi."

Nikaingia kwenye ukurasa wa bluu. Njia ya kuanzia ilikuwa imerudi kuwa ile ya zamani. Juu kulia kulikuwa na tarehe: 1 Januari 2012. Mdogo wangu akakumbuka kwamba siku alipojaribu kufungua tovuti kwa fleshi, kivinjari kilikataa, kikisema vyeti vya usalama vya tovuti havijaanza kutumika. Alidhani ni mtandao. Kwa kompyuta iliyoamini kwamba tuko 2012, vyeti vya 2025 kweli vilikuwa havijaanza.

"Mama," nikauliza, "saa ya kompyuta hii ilianza lini kupotea?"

"Hiyo? Tangu baba yenu mzima." Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Kila asubuhi alikuwa anaianza hivyo hivyo. Anabonyeza, anaingia hapo penye bluu. Anapanga tarehe. Halafu anashuka chini, anabadilisha kitu kimoja, anatoka. Ndipo inawaka. Mimi namletea chai, nakuta ameshamaliza."

Mdogo wangu na mimi tukatazamana.

"Miaka mingapi, Mama?"

"Miwili. Labda mitatu."

"Kwa nini hakumpelekea fundi?"

"Alisema fundi atataka kubaki nayo, na humo ndani mna mambo ya watu."

Kiasi cha asubuhi elfu moja basi, kwa hesabu ya Mama, baba aliianza siku yake kwa kuikumbusha kompyuta mwaka na mlango. Hakuandika popote kwamba anafanya hivyo. Kwake haikuwa siri, ilikuwa kazi ya dakika moja kabla ya chai. Alipoondoka, dakika hiyo ikaondoka naye, na kila aliyeikuta kompyuta bila dakika hiyo alitangaza kifo: fundi cha diski, mdogo wangu cha Windows, mtaa cha uaminifu wetu.

Tuliifungua. Betri ilikuwa pembeni mwa nafasi za kadi, imefunikwa na vumbi. Ukisukuma kibanio kidogo inaruka yenyewe. Nikaenda nayo kwa fundi saa mmoja karibu na Soko la Chifu Kingalu. Akaipima, haikufika hata volti 2. Mpya ikanigharimu shilingi 2,000. Utaratibu wenyewe ni wa zamani: IBM waliuweka kwenye kompyuta yao ya mwaka 1984, ndani ya kidude chenye baiti 64 tu, 14 za saa na 50 za mipangilio. Umeme wa ukutani ukiwepo, betri inapumzika. Ukikatika, au swichi ikizimwa kwa kuogopa radi, betri ndiyo inayokumbuka. Hii ilikuwa imechoka kukumbuka zamani, na baba akaishika zamu yake.

Tukaiweka, upande wenye maandishi juu. Tukapanga tarehe na njia ya UEFI, tukazima swichi ya ukutani, tukaiacha muda wa mchana mzima. Jioni tukawasha. Tarehe ilikuwa ya siku hiyo. Orodha ya GRUB ikaja. Mama alitaka tuzime na kuwasha tena, tukafanya hivyo mara tatu mpaka akaridhika.

Jumapili karatasi zilisambazwa chini ya mwembe wa mwenyekiti. Salio la baba hadi Agosti lililingana na taarifa ya benki, shilingi kwa shilingi. Mzee mmoja, aliyekuwa amesema mengi kwa majuma hayo, aliomba kuonyeshwa mstari wake. Alikuwa anadaiwa miezi minne. Mama hakusema neno. Alimwonyesha kwa kidole, akageuza ukurasa.

Kabla sijarudi Dodoma niliandika karatasi ya kubandika ubavuni mwa kompyuta: namna ya kuwasha, namna ya kuingia kwenye ukurasa wa bluu, kipi kibadilishwe ikiwa tarehe itarudi nyuma. Mama alivaa miwani, akaisoma polepole, akanirudishia.

"Haijakamilika," akasema. "Andika na siku tuliyoweka betri. Andika na fundi saa anakaa wapi. Halafu andika kwamba swichi nazima mimi."