Meza ya Uhindini

Methali ya wazee wetu yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni nyepesi. Mgeni akifika, kuku huchinjwa, na mwenyeji aliyekuwa akila mboga kavu hupata kitoweo kwa baraka ya mgeni. Methali ya pili yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nayo haina fumbo. Ukarimu una mpaka wake, na baada ya mpaka huo mgeni huwa mtu wa nyumbani. Hufanya kazi na hula jasho lake. Kati ya methali hizi mbili liko swali ambalo hunijia kila niketipo katika mikahawa ya Wahindi ya Iringa na Mbeya. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyepewa jembe, akalima, akavuna, akazaa na akazika, huitwa mgeni mpaka lini?

Kazi ya kukagua wanafunzi wa ualimu hunipitisha mara kwa mara katika njia kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya, mwendo wa kilomita zipatazo 330 kupitia Mafinga, Makambako na Chimala. Nchi hiyo ni ya baridi. Mwezi wa Juni na wa Julai, msafiri ashukaye garini jioni hutamani kitu chenye moto mara mbili: moto wa jiko na moto wa pilipili. Miji yote miwili haimnyimi. Katika Iringa, mkahawa wa Hasty Tasty Too, ulio katika barabara ya Uhuru, ulipata sifa kwa wasafiri kwa miaka mingi. Katika Mbeya, hoteli kongwe iliyokuwa ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki ilikuja kujulikana kwa vyakula vya Kihindi. Pamoja na hizo, pana nyumba ndogo za chakula zisizo na sifa kubwa, zenye meza nne au tano, na hizo ndizo nizipendazo zaidi.

Uzuri wa mchuzi wa Kihindi hauko katika wingi wa bizari, kama wengi wadhanivyo, bali katika utaratibu wake. Samli hutangulia kupata moto. Kisha hutiwa uzile na haradali, navyo huachwa mpaka vilie na kupasuka; hapo ndipo harufu iliyofungwa ndani ya mbegu hupata kufunguliwa. Kitunguu hufuata, nacho hakiharakishwi. Hugeuzwa polepole mpaka kiwe na rangi ya dhahabu. Kisha hufuata tangawizi na thomu, kisha manjano na giligilani ya kusagwa, kisha nyanya, na mwisho nyama au dengu. Mwenye pupa hutia vyote pamoja, akapata maji ya manjano yasiyo na siri. Katika jambo hili mpishi hodari afanana na mtunga mashairi: ajua kuwa neno lile lile, likiwekwa kabla ya wakati wake, huharibu ubeti mzima.

Siku moja katika Mbeya niliketi na mwanafunzi wangu mbele ya sahani ya aina hiyo. Alikula kwa furaha, akanawa, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mbona twasifu chakula cha watu na chetu twakiacha?" Nilimwuliza chetu ni kipi. Akajibu bila kusita, "Ugali, chapati, pilau, na chai."

Jibu hilo lilinifurahisha, kwa kuwa lilikuwa na ukweli zaidi ya alioukusudia. Chapati ni neno la Kihindi, na kitu chenyewe kilikuja pamoja na jina lake. Pilau ilipita Uajemi na India kabla ya kufika pwani yetu. Ugali tunaouapia ni wa mahindi, nayo mahindi asili yake ni Marekani, bara lililoleta pia pilipili, nyanya na viazi. Kwa hiyo hata Mhindi hana haki ya kujivuna. Kabla ya Wareno kufika kwake mwaka 1498 na kufungua njia ya mimea hiyo, hakuijua pilipili ambayo leo hutokwa jasho kwa ajili yake. Ukali wa chakula chake ulikuwa wa pilipili manga na tangawizi. Mwingereza naye alizikuta aina nyingi za michuzi ya Bara Hindi, akazikusanya zote chini ya jina moja alilolitwaa kwa Watamil. Sisi hatukuhitaji jina hilo. Tulikwisha kuwa na mchuzi, na tulikwisha kuwa na kitoweo.

Lugha yetu ni shahidi wa mambo haya. Gari, pesa, laki, hundi, bima, bajia, achari na kachumbari yote yalivuka bahari. Leo yamevaa ngeli, yanapatana na vitenzi vyetu, na hapana mtoto wa Mwanjelwa au wa Kihesa ayaonaye kuwa mageni. Wala wali unaoliwa na mchuzi ule haukosi habari. Mpunga wa kumwagilia wa bonde la Usangu una deni kwa Wabaluchi waliohamia huko wakati wa ukoloni wakachimba mifereji. Viazi vilivyomo katika sambusa ni vya vilima vya Uporoto, na majani ya chai ni ya Mufindi au ya Tukuyu. Sahani moja imekusanya mabara matatu, na hakuna ugomvi ndani yake.

Ugomvi, ukiwapo, uko nje ya sahani. Wafanya biashara wa Kihindi waliifuata njia ya Iringa baada ya Wajerumani kuujenga mji huo katika miaka ya 1890, mwisho wa vita vyao na Mkwawa. Walifika Mbeya wakati dhahabu ya Lupa ilipovuta watu Chunya, katika miaka ya 1920 na 1930. Serikali ya Mwingereza ilipanga watu kama vyombo vya kabati: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Jina la Uhindini lingaliko Mbeya likitukumbusha mpango huo. Mhindi hakuutunga, lakini wengi wake walistarehe ndani yake. Na aliyekuwa chini hakumwona aliyemweka pale, alimwona yule aliyemkaribia, mwenye mizani na daftari la madeni. Uhuru ulipofika, chuki ilikuwa na anwani tayari. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na sheria ya kutwaa majengo ya mwaka 1971, wengi walifunga milango wakaenda Uingereza na Kanada. Waliobaki ni wachache, na miongoni mwao wamo wenye mikahawa ninayoitaja.

Mmoja wao ni bibi mzee wa Iringa. Huketi nyuma ya kisanduku cha fedha, na kila aingiaye humsalimu, "Kamwene!" kwa lafudhi ambayo Mhehe hawezi kuikosoa. Nilikuwapo siku kijana mmoja mwenye adabu, asiye na nia mbaya, alipomwamkia shikamoo, akasifu biriani, kisha akamwuliza, "Mama, kwenu hasa ni wapi?" Bibi akajibu, "Hapa." Kijana akacheka kidogo, akasema, "Hapana, nauliza kwenu kwa asili." Bibi akanyamaza, akahesabu chenji, akaiweka mezani. Kijana alipokwisha kutoka aligeuka akaniambia, "Mwalimu, baba yangu alizaliwa hapa na kaburi lake liko hapa. Nionyeshe kwingine, nami nitakwenda."

Sikuwa na pa kumwonyesha. Nilitazama sahani mbele yangu, nikaona jinsi tulivyo wagumu wa kugawa tulicho nacho kwa wingi. Chapati haiulizwi inatoka wapi. Tumeipa uraia bila cheti, tukaiweka katika karamu za Idi na za Krismasi, hata mwanafunzi wangu ameiweka katika orodha ya urithi wake. Lakini mkono ulioileta ungali ukisimamishwa mlangoni na kuulizwa habari za safari.

Haki hutaka upande wa pili nao usemwe. Jikoni kwa bibi huyo yuko mpishi, mtu wa Njombe, aliyeshika mwiko huo kwa zaidi ya miaka ishirini. Bizari zote huzichanganya yeye, kwa kiganja bila kipimo, na wageni husifu mkono wa Kihindi ambao ni wa Mbena. Nilimwuliza kama amepata kualikwa kula nyumbani kwa tajiri wake siku ya sikukuu. Alisema hupewa chakula kingi cha kupelekea watoto, na ni kizuri. Lakini mezani hajaketi. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu atajaye hali ya hewa. Basi mlango una komeo mbili, moja kila upande, na kila mmoja hungoja mwenziwe aanze kufungua.

Mkahawa hauwezi kuondoa komeo hizo. Ni mahali pa kununua chakula, na anunuaye hana wajibu wa kupenda. Hata hivyo ni meza moja, na meza moja ni bora kuliko kuta mbili. Palipo na meza, pana nafasi ya kuuliza jina la mpishi. Pana nafasi ya kumwamini mtu asemapo "hapa" mara ya kwanza, bila kumtaka arudie. Ukarimu wa namna hiyo hauna gharama. Wala haupotei, maana methali haikutaja rangi ya mgeni wala ya mwenyeji. Katika miji hii miwili ya baridi, Mhindi na Mbena wamekwisha kushika jembe kwa zamu, na kila mmoja amekwisha kumponya mwenziwe njaa. Lililobaki ni kukiri hivyo kwa ulimi ule ule uliokwisha kuonja.