Kifungua Kinywa cha Likasi



Mji wetu uko takribani kilomita 120 kutoka Lubumbashi, kwenye barabara iendayo Kolwezi, na wasafiri wengi huujua kupitia dirisha la gari tu. Wachache wanaolala kwetu hupewa asubuhi mkate wa dukani, siagi ya kopo na maziwa ya unga. Nimeliona jambo hilo katika nyumba nyingi zinazopokea vijana wa parokia nyingine wakati wa mikutano: mwenye nyumba hukopa fedha ili mgeni asione uji. Naona kwamba tunamnyima mgeni kilicho bora, tena tunajitwika deni kwa kufanya hivyo.

Kilicho bora ni mikate. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam akisikia neno hilo atafikiria mkate wa kuoka. Kwetu ni matonge madogo ya unga wa ngano, hamira, sukari na chumvi, yaliyokaangwa katika mafuta mengi. Unga huchanganywa jioni ukiwa mzito kiasi tu cha kuvutika, ukaachwa uumuke usiku kucha. Kabla ya mapambazuko mama huuchota kwa mkono, huukamua kati ya kidole gumba na cha shahada, na tonge hudondoka katika mafuta likavimba. Nje huwa la kahawia, ndani hubaki laini lenye matundu. Huliwa na uji wa mahindi, au chai, au karanga. Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, ndugu zake huitwa vitumbuwa, jina lililo karibu mno na vitumbua vya pwani, ingawa vya pwani hupikwa kwa mchele. Jina limesafiri mbali kuliko chakula chenyewe.

Mama yangu alianza kukaanga mikate mshahara wa baba ulipokatika. Aliamka usiku wa manane, akawasha makaa, na kulipopambazuka alikuwa ameketi kando ya njia na beseni lililofunikwa kitambaa cheupe. Ada ya shule yangu na ya dada zangu wawili ilitoka katika beseni lile. Wanawake wengi wa mtaa wetu walifanya vivyo hivyo, na hata leo naweza kuwatambua kwa makovu madogo ya mafuta mikononi. Kwa hiyo nikimsikia mgeni mwenye simu ya bei kubwa akibishania noti moja ndogo mbele ya mama wa mikate, nanyamaza kwa shida.

Uji una historia ndefu zaidi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake posho ya chakula, na unga wa mahindi ulikuwa sehemu yake kubwa. Mji uliwahi kuitwa Jadotville. Watu waliletwa kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini. Wengine walikuwa wamelelewa kwa muhogo, wengine kwa ulezi au mtama, wote wakajifunza mahindi. Bukari ya jana, iliyokatwa vipande na kupashwa moto juu ya makaa hadi ikafanya ganda, ni kumbukumbu ya posho ile. Mgeni aionje ikiwa moto, pamoja na chai yenye sukari nyingi.

Hata hivyo, ninaposema "chakula chetu" najizuia kidogo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao hapa Likasi, na maelfu yao waliishi kwenye kituo cha gari la moshi wakingoja mabehewa ya kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Walikuwa wamekula asubuhi moja na jirani zao tangu utotoni. Neno "chetu" lilitumika kuwatoa mezani. Siku hizi zipo tena nyumba zinazochanganya unga wa mahindi na wa muhogo kwa desturi ya Kasai, na mgeni akiketishwa huko ameketishwa Likasi kamili.

Munkoyo nitaitaja kwa ufupi, maana ni kinywaji cha kutwa. Uji wa mahindi ukipoa hutiwa mizizi iliyopondwa ya mmea wenye jina hilo. Mizizi hugeuza wanga kuwa sukari, na kesho yake uji umekuwa kinywaji chepesi, kitamu chenye uchachu.

Kuhusu kikanda nina wasiwasi. Ni chakula kizuri: viazi vidogo vya okidi za porini, vikaushwe, vitwangwe, vipikwe na unga wa karanga na pilipili hadi vigande, kisha vikatwe vipande kama nyama. Lakini kila kiazi kinachochimbwa ni mmea uliokufa. Tanzania ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005, na biashara ya viazi hivyo ilikuwa mojawapo ya sababu. Mgeni aonje kipande kimoja, asinunue mfuko.

Mikate haina shida hiyo. Anayeitaka atoke kabla jua halijapanda, aje na noti ndogo na bakuli lake mwenyewe la uji. Wanafunzi wakishaingia darasani, beseni huwa limekwisha kuoshwa.