Paka wa Jirani na Bustani ya Mboga

Mtu akitaja jina la Habaswein, msomaji aliye mbali hufikiri habari za ngamia, za ukame na za malori yaendayo Wajir. Hadhani kwamba yuko mtu huko anayekesha kwa ajili ya paka. Lakini ndivyo ilivyo, na kwa kuwa nimeishi na jambo hili kwa miaka mitatu, naona ni vema nimweleze karani mwenzangu, au mkulima ye yote mwenye vitanda viwili vitatu vya mboga nyuma ya nyumba yake.

Kwanza yapasa msomaji aelewe thamani ya bustani katika nchi hii. Jina la mji latokana na maneno mawili ya Kisomali: habaas, yaani vumbi, na weyn, yaani kubwa, na aliyelitoa hakusema uongo. Mto Uaso Nyiro hushuka kutoka milima ya kati ya Kenya ukaja kuishia katika kinamasi cha Lorian kilicho jirani nasi, lakini wakati wa ukame maji yake hayatufikii, nasi twategemea visima virefu. Mboga nyingi huletwa kwa lori, nazo hufika zimenyauka na bei imepanda. Basi sukuma wiki, mchicha na nyanya zangu si pambo la nyumba. Kila jani limenyweshwa maji yaliyookolewa jikoni na kubebwa kwa karai na mke wangu, naye alikuwa mja mzito wakati wa mambo haya ninayoyasimulia.

Mbuzi tuliwazuia kwa ua wa miiba, kama afanyavyo kila mtu hapa. Lakini ua wa miiba kwa paka ni mlango tu. Paka wa mtaa wetu walikuwa kama kumi hivi, wengi wao wakilishwa na bibi mmoja mzee ambaye watu wote humwita Ayeyo, kwa maana ndivyo Wasomali wamwitavyo bibi. Kila alfajiri nilikuta udongo umefukuliwa, miche imelala mizizi juu, na kinyesi kimefukiwa nusu nusu katikati ya mchicha.

Msomaji ataniuliza: ikiwa nchi yote hiyo ni mchanga na vumbi, kwa nini paka achague vitanda vyako? Nami nilijiuliza hivyo hivyo. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, ambaye hata leo yupo katika nyika za Kenya, na desturi yake ni kutafuta udongo mkavu na mwepesi ili achimbe na kufukia. Sasa tazama mtaa wetu. Ardhi iliyo kati ya nyumba na nyumba imekanyagwa na mbuzi, punda na magari hata imekuwa ngumu kama sakafu. Mahali palipolimwa, pakalainishwa kwa jembe na kutiwa samadi, ni katika bustani tu. Machoni pa paka, mkulima amemtengenezea choo.

Jirani mmoja mwenye duka, ambaye naye alikuwa amechoshwa na paka hao, aliniletea pakiti ya dawa ya wadudu akasema niichanganye na nyama, mambo yaishe kwa usiku mmoja. Hapo ndipo mtaa ulipogawanyika. Vijana wengi waliona ni shauri jema, na wazee wakalikataa kabisa. Mimi nilimrudishia pakiti yake siku ile ile. Kwa karani ilikuwa rahisi kusema juu ya sheria, maana Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, yakataza jambo la namna hiyo. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba sumu haichagui. Katika nchi yetu dawa ya wadudu iitwayo kabofurani imewahi kutiwa katika nyama ili kuua simba, na tai waliokula mizoga wakafa pamoja nao. Katika mtaa wenye kuku, na watoto wenye kuokota kila kitu, nani atasimama usiku kucha kulinda kipande cha nyama?

Ayeyo hakusema habari za sheria. Alikuja na fimbo yake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia: “Mwanangu, wewe wahesabu miche. Mimi nahesabu magunia.” Akanieleza jinsi panya walivyompasulia magunia ya mahindi na mchele kabla hajawa na paka. Imamu naye alitukumbusha kwamba Mtume Muhammad alifundisha kuwa paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wazungukao majumbani mwa watu. Tena akataja habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hata akafa kwa njaa. Mimi nililelewa katika shule ya misheni, lakini sikuona neno la kupinga katika hayo.

Lakini mafundisho hayo yalitolewa kwa ajili ya maji aliyoyanywa paka, wala si kwa ajili ya kinyesi chake, na juu ya kinyesi nilikuwa na hofu ya kweli. Muuguzi alikuwa amemwonya mke wangu asiushike udongo ule kwa mikono mitupu. Kuna kijidudu kisichoonekana kwa macho, jina lake toksoplasma, ambacho Wafaransa wawili, Charles Nicolle na Louis Manceaux, walikigundua mjini Tunis mwaka 1908 katika mwili wa mnyama mdogo afananaye na panya. Ilipita miaka sitini hivi kabla wataalamu hawajatambua kwamba vijiyai vyake hutoka katika kinyesi cha paka. Kwa hiyo makarani waliotumikia nchi hii zamani, ilipoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, hawakuwa na njia ya kulijua jambo hili hata kama walikuwa na bustani nzuri kuliko yangu. Mtu mzima mwenye afya huweza kuambukizwa asijue. Lakini mwanamke akiambukizwa mara ya kwanza wakati wa mimba, mtoto huweza kudhurika macho au ubongo, au mimba ikaharibika. Wafugaji nao wasipuuze, maana kijidudu hicho hicho ni mojawapo ya sababu za mbuzi na kondoo kutupa mimba, wakila majani au chakula kilichochafuliwa na paka.

Jambo moja lilinipa tumaini. Vijiyai hivyo havina nguvu ya kuambukiza mara vitokapo. Huhitaji siku moja au zaidi kukomaa. Basi kinyesi kikiondolewa kila siku, hatari hupungua sana. Kinyesi chenyewe kisitumiwe kamwe kuwa mbolea kama samadi ya mbuzi. Mboga za kupika moto huzisafisha, lakini nyanya na vitunguu vya kachumbari havina budi kuoshwa vizuri kwa maji safi, hata kama maji ni haba. Na nyama nayo iive, kwa kuwa ugonjwa huo hupita njia hiyo pia.

Watu walinipa mashauri mengi. Mmoja alisema nimwage mafuta ya taa, lakini hayo huua udongo kabla hayajamfukuza paka. Mwingine alisema pilipili. Upepo wa Habaswein uliichukua yote asubuhi ile ile, ukatuletea machoni sisi wenyewe. Maganda ya ndimu hukauka kwa siku moja. Na chupa za maji, ambazo watu husimamisha ili paka aogope mng'ao wake, nilimwona paka akijisugua nazo.

Kilichofaa ni hiki. Nilikata vijiti vya mgunga vyenye miiba, nikavilaza juu ya kitanda kati ya miche, vikipishana chini ya upana wa kiganja, hata paka asipate mahali pa kugeuka na kuchuchumaa. Mwenye wavu wa kuku na aulaze juu ya udongo, miche itapenya katika matundu yake. Tena nilianza kunyunyiza maji jioni badala ya asubuhi. Paka hapendi udongo uliolowa, na zaidi ya hayo, maji ya jioni hayanyonywi upesi na jua, kwa hiyo karai lile lile lilitosha vitanda zaidi.

Lakini kumfunga mtu mlango pasipo kumwonyesha mwingine ni kutafuta ugomvi. Nilichimba shimo fupi nje ya ua, mahali penye kivuli, nikalijaza mchanga mkavu, na siku ya kwanza nikatia humo kinyesi kidogo chao wenyewe ili wapatambue. Ayeyo alikubali wanyama wake wahamishwe kwa sharti moja, kwamba kazi ya usafi iwe yangu. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini nazoa kwa koleo na kutupa chooni, kisha nanawa kwa sabuni. Wapita njia walicheka sana kumwona karani wa serikali akibeba mzigo huo. Baada ya juma la pili paka wengi walikuwa wamehamia mchangani. Wawili wakaidi walichukua mwezi mzima. Mtoto wetu alizaliwa salama, na mwenye duka, baada ya panya kumtobolea mfuko wa sukari, alimwomba Ayeyo kinyau mmoja wa kijivu.

Neno lililobaki ni wingi wao. Paka hubeba mimba kwa majuma tisa tu, na huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, basi shimo moja la mchanga halitatosha siku zote. Huko Lamu, ambako paka ni wengi kuliko hapa, wako waganga wa wanyama wanaowafunga uzazi. Kwetu maafisa wa mifugo wana kazi ya kutosha ya ngamia na mbuzi. Nilimsimulia Ayeyo habari hizo, naye amekwisha niuliza mara mbili kama mganga wa Lamu aweza kupanda basi la Garissa.