Nyumba ya Maduka Huanza Katika Karatasi

Sajini mmoja wa polisi, baada ya kutumikia kazi yake miaka mingi na kustaafu kwa heshima, alirudi nyumbani akiwa na kiinua mgongo chake na kiwanja kidogo kando ya barabara, karibu na soko. Wenzake wengine walikwisha nunua magari ya abiria, na baadhi ya magari hayo yalikuwa yamelala juu ya mawe. Yeye aliazimia kujenga nyumba ya biashara: chini maduka manne, juu vyumba vya kupangisha. Fedha zile hazikuwa na nyingine nyuma yake, kwa maana askari hupewa kiinua mgongo mara moja tu maishani.

Mkewe, ambaye alikuwa ameendesha nyumba kambini kwa mshahara wa askari na kusomesha watoto watano, alifungua daftari jipya. Kabla tofali moja halijanunuliwa alimwuliza mumewe maswali matatu. Nyumba itagharimu kiasi gani hadi mpangaji wa kwanza aingie? Fedha zikipungua katikati, watafanyaje? Na ikiwa kazi itaharibika, nani atawajibika?

"Mama watoto, mbona unanihoji kama mpelelezi?" sajini alisema.

"Nimeishi na polisi miaka yote hii, mzee wangu. Ningejifunza kwa nani mwingine?"

Basi wakaanza kwa utaratibu. Walimwita mhandisi mwenye idhini ya kazi yake, naye akachimbisha mashimo kiwanjani ili aujue udongo kabla ya kuchora msingi. Ramani ilipopata kibali cha halmashauri, walifanya makadirio ya kila kitu: saruji, nondo, kokoto, mbao, maji na ujira. Juu ya jumla ile walitenga sehemu moja ya kumi, isiguswe ila kwa dharura. Mkandarasi alitia sahihi mkataba wa kulipwa kwa hatua, kila hatua baada ya kukaguliwa, na sehemu ya malipo ibakizwe hadi kasoro zitakapoonekana na kurekebishwa. Kila siku ya kumwaga zege kwa nguzo au sakafu, vipande vya zege ile vilijazwa katika vibao vya chuma na kupelekwa kupimwa nguvu baada ya siku 28. Majirani walicheka wakisema kwamba sajini anajenga karatasi, hajengi nyumba.

Msingi ulipokwisha na nguzo za chini kusimama, alikuja mfanyabiashara mmoja aliyevaa vizuri. Hakutaka maduka manne, bali ukumbi mmoja mpana wa kuuzia bidhaa za jumla. Nguzo mbili za katikati, alisema, zingemzuia kupanga mali yake. Zikiondolewa, yuko tayari kulipa kodi ya miaka miwili papo hapo. Mkandarasi naye akaongeza kwamba jambo hilo ni dogo, na kwamba kwa fedha hizo wangeweza kupandisha ghorofa nyingine juu. Usiku ule sajini hakupata usingizi. Alikwisha hesabu kodi ile kichwani, na kulipokucha alikuwa karibu kukubali.

"Kabla hujamjibu yule bwana," mkewe akamwambia, "kwanza mwulize aliyechora."

Mhandisi alifika Jumapili. Hakuanza na hesabu. Aliwasimulia habari ya duka kubwa la Sampoong, katika mji wa Seoul, Korea Kusini.

Jengo lile lilianza kujengwa miaka ya mwisho ya 1980. Ramani ya kwanza ilikuwa ya jengo la ghorofa nne, tena si la duka. Kazi ikiwa inaendelea, mwenye mali alitaka liwe duka kubwa. Baadhi ya nguzo zilipaswa kuondolewa ili kuweka ngazi za umeme. Kampuni iliyokuwa ikijenga ilikataa, ikafukuzwa, na kazi ikamalizwa na kampuni ya mwenye mali mwenyewe. Kisha ikaongezwa ghorofa ya tano. Kwanza ilikusudiwa kuwa uwanja wa michezo ya kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Baadaye ikageuzwa kuwa ya mikahawa, yenye sakafu nene ya zege iliyopitishiwa mabomba ya kupasha joto. Juu ya paa ziliwekwa mashine nzito za kupoza hewa. Mwaka 1993 majirani walipolalamikia kelele zake, mashine hizo ziliburutwa juu ya paa hadi upande wa pili, badala ya kuinuliwa kwa winchi, na zege ikapata nyufa.

Kila badiliko, likitazamwa peke yake, lilionekana dogo. Hakuna aliyeketi kuyajumlisha yote na kuuliza kama nguzo zilizobaki zingeweza kuyabeba.

Mwezi wa Aprili 1995 nyufa zilionekana katika dari ya ghorofa ya tano. Asubuhi ya tarehe 29 Juni zilikuwa zimepanuka sana. Wakuu wa duka walifunga ghorofa ya juu na kuzima mashine, lakini hawakulifunga duka, kwa kuwa siku ile wanunuzi walikuwa wengi na wakubwa hawakutaka kupoteza mapato. Jioni, kabla ya saa kumi na mbili, jengo lilianguka kwa muda usiofika nusu dakika. Watu 502 walikufa, na zaidi ya 900 walijeruhiwa. Mwenye duka alihukumiwa kifungo.

Sajini alikaa kimya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa Seoul ulikuwa umeanzia katika ramani, miaka mingi kabla haujaonekana darini.

Ndipo mhandisi alipofungua hesabu zake. Kubadili si haramu, alieleza, ila kila badiliko hurudi kwanza katika karatasi. Mzigo uliobebwa na nguzo mbili hautoweki zikiondolewa. Huhamia kwa jirani zake na kushuka katika msingi wao. Ukumbi ule ungehitaji boriti nene zaidi, nguzo za kando zenye nguvu zaidi, na msingi kufukuliwa na kupanuliwa. Mama watoto aliandika kila kipengele katika daftari, akajumlisha. Gharama ilizidi kodi ya miaka miwili, hata kabla ya kuitaja ghorofa ya tatu.

Sajini alikumbuka kazi yake ya zamani. Kikosi kilichotumwa mahali hakigeuzi njia kwa sababu mpita njia ametoa shauri zuri. Hupeleka habari makao makuu, na amri mpya hufika kwa wote. Mfanyabiashara alijibiwa kwa adabu, akaenda kupanga kwingine. Mkandarasi alinung'unika siku kadhaa, kisha akaendelea.

Mambo hayakwenda yote kama yalivyopangwa. Mvua ilichelewesha kazi miezi miwili, na bei ya saruji ikapanda. Ile sehemu moja ya kumi ikatumika karibu yote. Hata hivyo nyumba haikusimama nusu, wala hakuna mkopo uliotafutwa kwa haraka. Mpangaji wa kwanza, mshona nguo, aliingia na cherehani zake mbili, na jina lake likaandikwa katika ukurasa wa mwisho wa daftari lile lile.

Basi, askari anayekaribia kustaafu na aijenge kwanza nyumba yake katika karatasi, pamoja na mwenzake wa nyumbani. Hapo kosa hufutwa kwa kifutio. Likikwisha mwagiwa zege hufutwa kwa fedha nyingi, na likikwisha kaliwa na watu huenda lisifutike kamwe.