Shamba Lililogawanywa Mara Tatu

Shamba lenyewe liko Unguja, juu ya Bububu, katika ardhi ya mikarafuu. Tangu zama za bibi yangu mpaka zama zangu limegawanywa mara tatu. Mara ya pili na ya tatu nilikuwepo mwenyewe. Mara ya kwanza alikuwepo Bibi, mzaa baba, wala hakuwepo kama mrithi au jirani aliyekuja kuhani msiba. Yeye alikuwa sehemu ya mali.

Habari hiyo alinipa vipande vipande, zaidi nyakati za usiku tulipokaa kuchambua karafuu, kwa sababu mikono ikiwa na kazi ulimi wake ulikuwa mwepesi. Mwenye shamba alikuwa tajiri wa asili ya Oman. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, naye, kama wenzake waliokuwa na watu, akapanda upya. Waliopanda ni watumwa wake. Walichimba mashimo, wakaitilia maji miche, wakapalilia, wakangoja, maana mkarafuu hauzai upesi. Mama yake Bibi alikuwa mmoja wao, ameletwa mdogo kutoka bara, upande wa Ziwa Nyasa. Bibi na kaka yake walizaliwa shambani. Walikuwa wazalia.

Tajiri alikufa baada ya amri ya 1890. Katika amri ile Sayyid Ali bin Said alikataza watumwa kuuzwa na kununuliwa, na kuhusu mirathi akaweka sharti kwamba mtumwa asirithiwe ila na watoto halali wa marehemu. Asiyeacha mtoto, watumwa wake wawe huru pale pale anapokufa. Bibi alikuja kuijua amri hiyo utu uzima, na kila alipoitaja sauti yake ilibadilika. Uhuru wake, wa mama yake na wa kaka yake ulikuwa umefungwa kwenye swali moja tu, kama yule bwana ana mtoto au hana. Alikuwa nao watatu.

Mkubwa alikuwa wa mke wa ndoa, na wa tatu, binti, vile vile. Wa pili alizaliwa na suria, na sheria haikumpunguzia kitu: fungu lake lilikuwa sawasawa na la kaka yake. Mama yake naye alitoka utumwani bwana alipokata roho, kwa kuwa alimzalia. Basi siku zile zile, katika ua ule ule, mwanamke mmoja alikuwa anakaa eda ya bwana aliyemmiliki, huru, na mwingine aliyelala naye jamvi moja katika vibanda vya watumwa alikuwa anatiwa bei kwa riale. Nimeishi na jambo hili miaka mingi na bado sijaweza kulizoea.

Mjane alipewa thumni yake kwa miti na fedha. Watu waligawiwa watoto. Walisimamishwa chini ya mwembe, akaja mtu na karani. Bibi alikumbuka kidole cha yule mtu kikiingia mdomoni mwake, kikipapasa ufizi wa mbele. Alikuwa anatafuta meno. Sheria ilikataza mtoto mdogo kutengwa na mama yake, na mdogo ni yule ambaye hajafikia umri wa kupambanua, kama miaka saba hivi. Yalikuwa yameshachomoza mawili ya utu uzima. Yule mtu akamwambia karani neno moja, karani akaandika, na Bibi akaenda upande wa kushoto, kwenye fungu la binti, aliyekuwa ameolewa Mjini. Mama yake alibaki na shamba, fungu la mkubwa. Kaka yake, aliyekuwa ameshaanza kupanda mikarafuu kuchuma na amekatika ncha ya kidole cha shahada kwa panga, akaangukia fungu la mtoto wa suria, na huyo alikuwa na shamba lake Pemba. Aliondoka na dau wiki hiyo hiyo. Hawakuonana tena.

Mizinga ya Waingereza ilipopiga jumba la mfalme Agosti 1896, siku aliyong'olewa Khalid bin Barghash, Bibi alikuwa Mjini akiteka maji. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Aprili, Sayyid Hamud bin Muhammed akatoa amri ya kufuta utumwa. Watu hudhani siku hiyo minyororo ilikatika. Haikuwa hivyo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake, na bwana alilipwa fidia. Masuria hawakuhesabiwa katika amri hiyo mpaka 1909. Yule binti wa Mjini aliyemrithi hakumwambia kitu. Habari aliipata kisimani. Alipokuwa mwari aliyejijua, akaenda, akapata karatasi yake, akarudi shambani kwa miguu.

Alimkuta mama yake analima pale pale. Walikaa kama walivyokaa wengi: kibanda, mihogo na migomba katikati ya mikarafuu, na badala ya kodi kupalilia chini ya miti ya bwana. Mti wa kudumu hawakuruhusiwa kupanda, kwani mwenye mti hudai, na mwenye mihogo huivuna akaondoka. Mama yake alifia hapo, akazikwa kando ya bonde, karibu na mfenesi. Bibi akaolewa hapo hapo, na baba yangu alipokua akawa nokoa, msimamizi msaidizi wa shamba.

Mtoto mkubwa wa tajiri naye alipofariki, kabla ya vita vya pili, shamba liliachwa bila kugawanywa, kama yanavyoachwa mashamba mengi. Kila msimu warithi waliuza karafuu, wakalipa rehani, kilichobaki wakagawana. Mwaka 1957 wakashindwana. Ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla ulikuwa umeshaingia, Julai palikuwa na uchaguzi wa kwanza na maneno yalikuwa makali, na mashamba mengine tulikuwa tunasikia wakaazi wanaambiwa wang'oe mihogo yao wahame. Kila mrithi alitaka ajue chake kabla mambo hayajaharibika zaidi.

Walikuwa mjane, wana wawili na mabinti watatu. Kwa faraidhi mafungu yalitoka manane bila kubaki kitu: mjane moja, kila mwanamume mawili, kila binti moja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilipewa kopo la chokaa nimfuate aliyetumwa na kadhi, na kila mti aliouonyesha kwa fimbo nikaupaka alama ya fungu lake, mstari mmoja, miwili, mpaka minane. Ilikuwa kazi ya siku nyingi, maana miti hailingani. Mkarafuu mmoja mzima huzaa kuliko mitatu iliyoanza kukauka kileleni, na kila mmoja wao alisimama nyuma ya mzee yule kuhakikisha mikavu haimwangukii yeye peke yake.

Wakakwama kwenye mpaka wa bonde. Hati ya zamani ilitaja mti ambao haupo. Mdogo wa wale wanaume, ambaye Bibi alimlea mgongoni, akasema, "Muiteni Bi Mkubwa, yeye ndiye anayejua." Bibi akaletwa akakalishwa mkekani. Yule mzee wa kadhi akamuuliza kwa adabu, "Bi Mkubwa, wewe umezaliwa hapa?"

"Nimezaliwa hapa, bwana," akajibu, "na nimegawiwa hapa."

Hakuna aliyesema kitu. Mzee akateremsha fimbo yake. Kisha Bibi akanyanyuka, akawapeleka mpaka kwenye kisiki cha mti uliotajwa, kilichofunikwa na magugu. Mti huo aliuona ukisimama, na mikarafuu ya safu ile alijua nani aliipanda. Wote walimwamini. Mtu aliyetiwa bei pamoja na shamba lile ndiye aliyekuwa shahidi wao wa pekee, na kwa kauli yake hesabu yao ikakamilika.

Aliomba kitu kimoja tu, kwamba kaburi la mama yake lisiingie katika fungu la mtu. Mkubwa wao akasema, "Halina neno, mama." Lakini halikuandikwa. Niliisikia hati ikisomwa: miti, kisima, sakafu ya kuanikia, majamvi, sufuria mbili za shaba. Kaya zilizokuwa zikiishi humo hazikutajwa hata moja. Sisemi waliandika uongo. Kila kilichoandikwa kilikuwa sahihi, na mafungu yalikuwa ya haki kwa waliogawana. Ninachosema ni kwamba watu waliopanda miti ile waliwahi kuandikwa pamoja nayo walipokuwa mali, na walipokuwa watu wakafutika.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ikawa ya serikali, na kuanzia 1965 zikaanza kugawiwa eka tatu tatu. Baba alipata zake. Jina lake liliandikwa juu ya karatasi, naye akaiweka ndani ya mfuko wa Msahafu. Ilikuwa haki ya kulima na kuvuna, si ya kuuza, lakini sasa aliweza kupanda mti. Alipanda minazi wiki hiyo hiyo, kando kando ya eneo, karibu karibu kuliko inavyofaa, kama mtu anayeogopa kubadilishiwa neno.

Eka zetu ziliangukia katika lililokuwa fungu la binti mdogo. Alikuwa mwema kwetu, na mume wake alikufa katika siku zile mbaya. Aliishi Mjini kwa kushona, kisha akawafuata ndugu zake Maskati. Baba alikuwa akimpelekea mihogo na nazi mpaka alipoondoka, na mama yangu alilalamika kila mara. Wapo wanaosema kuchukuliwa kwa 1964 na kugawiwa kwa Bibi ni dhuluma mbili za uzito mmoja. Mimi nilikuwepo, nililia kwa ajili ya yule mama, na sikubali. Kupoteza shamba si sawa na kuhesabiwa ndani yake.

Miaka ya tisini alikuja mjukuu wa ndugu yake mkubwa kutoka Maskati, kijana mpole, na nakala ya hati ya 1957. Alitaka kuonyeshwa mipaka. Nilimtembeza. Alama za chokaa zilikuwa zimekwisha zamani, lakini kisiki nilikijua. Nikampeleka na kaburini, nikamweleza lote. Alipoondoka aliniahidi kutazama masanduku ya nyumbani kwao, na baada ya muda ikaja bahasha. Ndani yake palikuwa na nakala ya mgawanyo wa kwanza, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambazo nilifundishwa chuoni. Baada ya minazi na kabla ya ng'ombe yanakuja majina ya watu. Bibi yupo: kijakazi mdogo, mzalia, na bei yake. Chini kidogo yupo kaka yake, na kando ya jina imeandikwa kwamba amekatika kidole, kwa ajili hiyo bei ikapunguzwa. Mwisho wa fungu lake pametajwa shamba alilopelekwa, upande wa Wete.

Nimekwenda Wete na sikumpata mtu wa kunielekeza. Kama kuna ukoo Pemba, au ulioko Tanga, Mombasa au Maskati kwa kutoka Pemba, ambao babu yao aliletwa kutoka Unguja akiwa kijana, mchumaji wa karafuu, na kidole cha shahada hakina ncha, aliyekuwa akimtaja mdogo wake wa kike, naomba waulizie Bububu kwa ukoo wa nokoa wa zamani. Jina lake ninalo, na jina la mama yao pia. Sikuyaandika hapa, ili atakayekuja ayataje yeye kwanza.